Waliochora Miamba ya Mara na Waliorithi Vilima Vyake

Waikizu wa Nyamuswa, katika tarafa ya Chamriho wilayani Bunda, wanayo simulizi ya asili yao ambayo kila ukoo huisimulia kwa namna yake, ila watu wawili hawakosekani. Wa kwanza ni Isamongo, mwindaji mwenye moto. Wa pili ni Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na ujuzi wa mvua. Walipokutana walishindana ni nani awe mkubwa katika nchi ile. Isamongo alitegemea moto wake. Nyakinywa akaleta mvua, moto ukazimika. Kisha wakaafikiana, na Nyakinywa akahesabiwa mtemi wa kwanza wa Ikizu.

Wenyeji wawili, P. M. Mturi na S. Sasora, waliandika historia ya Ikizu na Sizaki, nayo ikaja kuingizwa katika mkusanyo wa historia za Mara uliohaririwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler na kuchapishwa mwaka 2003. Anayetaka kuelewa michoro ya kale ya miambani mkoani Mara afadhali aanzie kwenye simulizi za namna hii, kabla hajagusa habari za rangi na mapango. Simulizi ya Nyakinywa inakiri jambo ambalo mataifa mengi hulificha: kwamba nchi ilikuwa na watu kabla ya mkulima kufika, kwamba watu hao walikuwa na elimu yao, na kwamba mgeni hakuweza kukaa kwa amani mpaka aelewane nao.

Wawindaji hao wa zamani ndio wanaofikiriwa kuacha sehemu kubwa ya michoro mikongwe ya Afrika Mashariki. Hawakuacha maandishi wala magofu. Waliacha alama nyekundu kwenye kuta za mawe.

Msafiri anayetoka Mwanza kwenda Musoma huyaona mawe hayo dirishani, ameyazoea kiasi kwamba hayamshangazi tena. Ni matale yaliyopandana, mengine yamesimama kama yamewekwa kwa mkono, mengine yamelala juu ya wenzake na kuacha chini yake vivuli virefu ambamo mchungaji hujikinga na mvua. Ukanda huu wa mawe unaendelea kuzunguka Ziwa Viktoria, unapita Bunda, Butiama na Musoma, na upande wa mashariki unaingia Serengeti. Palipo na kivuli kizuri cha mwamba, maji karibu na mahali pa kutazamia wanyama, binadamu amepita na kukaa tangu zamani sana. Vyungu vinavyoitwa vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo katika mto Kagera, vinaonyesha kwamba wawindaji na wavuvi wa ukanda wa ziwa walikuwa wakifinyanga maelfu ya miaka kabla ya kilimo kufika. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita wafugaji nao walikuwa wamekwisha kufika Serengeti. Wasemaji wa lugha za Kibantu, ambao wajukuu wao leo ni Waikizu, Wazanaki, Wanata, Waikoma na Wangoreme, walikuta nchi yenye wenyewe.

Watanzania wengi wakisikia michoro ya miambani hufikiria Kondoa. Ni haki, maana Kondoa ina michoro mingi na maarufu. Lakini habari za michoro ya ukanda wa ziwa si mpya. Mwaka 1974 jarida la Azania, la mambo ya kale ya Afrika, lilichapisha utafiti wa J. H. Chaplin kuhusu michoro ya eneo zima linalozunguka Ziwa Viktoria. Mwaka 2005, katika jarida hilohilo, Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa, alichapisha makala mahsusi juu ya michoro ya mkoa wa Mara. Kwa hiyo Mara imo katika ramani ya wataalamu. Haimo katika ramani ya watu wa Mara wenyewe, kwa kuwa makala hizo ziko kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini hana njia rahisi ya kulipata.

Michoro ya ukanda wa ziwa ina sura yake. Kondoa mtu anaona twiga, pofu, tembo, na watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyopambwa. Ukizunguka Ziwa Viktoria unakuta zaidi alama: duara ndani ya duara, miale kama ya jua, mistari iliyokwenda sambamba, nukta zilizopangwa, maumbo yanayofanana na ngazi. Nyingi zimechorwa kwa kidole, kwa rangi nyekundu, na mahali pengine nyeupe imeongezwa. Sura hii inapatikana Nyero, wilaya ya Kumi nchini Uganda, na kisiwani Mfangano upande wa Kenya, na hata mbali kusini hadi Zambia. Watafiti kadhaa, akiwamo Benjamin Smith na Mganda Catherine Namono, wameihusisha na jamii za wawindaji na waokota matunda walio ndugu wa Wabatwa, na baadhi ya alama hizo wamezisoma kama mambo ya mvua, hali ya hewa na uzazi.

Mfangano ni jirani wa Musoma kwa njia ya maji, na Wasuba wanaoishi humo wana undugu wa muda mrefu na watu wa pwani ya Mara. Hapo kuna pango la Mawanga na kivuli cha mwamba kiitwacho Kwitone. Wenyeji wanasema michoro ile ni ya Abathwa, watu wafupi waliokuwapo kabla yao. Hawasemi ni ya mababu zao. Hata hivyo Kwitone palikuwa mahali pa kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyowazuia watu kuyagusa mawe. Mwaka 2000 ilianzishwa Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba kisiwani humo, na michoro ikawa mojawapo ya mambo ambayo jamii inayatunza na kuwaonyesha wageni.

Hili la Mfangano linahitaji kukaziwa macho. Walowezi hawakuichora michoro, lakini waliirithi pamoja na kilima, na walipoirithi waliendelea kupaona pale mahali kuwa pana nguvu. Ndivyo ilivyo katika simulizi ya Ikizu pia. Muriho, ambaye mlima Chamuriho umechukua jina lake, anatajwa miongoni mwa waasisi wa nchi, na mlima wenyewe umebaki alama ya Ikizu nzima. Watu wa Mara ya kusini huita mizimu ya mahali emisambwa, na mizimu hiyo inakaa mahali panapojulikana: chemchemi fulani, mti fulani, jiwe fulani. Pale Butiama, jirani zao Wazanaki wanao msitu wa Muhunda, unaochukuliwa kuwa makao ya mzimu mlinzi wa watu hao, hatua chache kutoka Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Mgeni anaweza kuzuru kaburi na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, akarudi nyumbani bila kujua kwamba miti aliyoipita ina historia ndefu kuliko jengo.

Rangi yenyewe ilitengenezwa kwa vitu vya kawaida. Nyekundu ilitokana na ngeu, udongo au jiwe lenye chuma kilichoshika kutu, lililosagwa na kuwa unga. Unga huo ulichanganywa na kitu cha kuufanya ushike: mafuta ya mnyama, utomvu, pengine damu au yai. Nyeupe ilitoka kwenye udongo mweupe, nyeusi kwenye mkaa au majivu. Mwamba wa aina hii una vishimo vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na ngeu inapoingia humo inakuwa kama sehemu ya jiwe. Ndiyo maana nyekundu imedumu kuliko rangi zote. Nyeupe hukaa juu juu na kubanduka, kwa hiyo mtu asidhani kwamba zamani walipenda nyekundu tu. Tunachokiona ni kile kilichostahimili.

Umri wa michoro ni suala gumu. Njia ya kupima umri kwa kaboni inahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, na ngeu ni madini. Wataalamu hulazimika kuzunguka: wanachimba chini ya ukuta uliochorwa, wanatafuta vipande vya ngeu vilivyosagwa, kisha wanapima mkaa uliolala katika tabaka lilelile. Mtanzania Fidelis Masao alifanya kazi ya namna hiyo Kondoa na Singida katika miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1979 bado kinatumika. Hata hivyo ngeu iliyomo ardhini inaweza kuwa ilipakwa mwilini au kwenye ngozi, isifike ukutani kamwe. Kwa sababu hiyo mtaalamu mwangalifu hutaja vipindi virefu na hatamki mwaka. Anayemwambia mgeni kwa uhakika kwamba mchoro fulani una miaka elfu kadhaa kamili anamdanganya.

Kuna michoro ambayo umri wake si tatizo kubwa, nayo ipo Serengeti. Katika vilima vya mawe vya Moru, ndani ya hifadhi, pako mahali ambapo ngao za Kimaasai zimechorwa kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, pamoja na maumbo mengine. Ni kazi ya morani, waliokuwa wakikaa katika vivuli vya miamba wakila nyama mbali na boma. Si mbali na hapo liko jiwe kubwa lenye mabonde madogo yaliyochimbika kwa kugongwa. Ukiligonga kwa jiwe dogo linalia kama chuma. Mawe ya namna hii ni ushahidi kwamba pale mwambani palikuwa na sauti, pengine ngoma na nyimbo pia, ambazo kamera haiwezi kuzinasa. Kwa vizazi vingi watu wa Mara waliyajua maeneo haya kwa kuwinda, kuchunga na kupita wakielekea kwa jirani.

Karne ya 20 iliwatenga watu na mawe yao kwa njia kadhaa. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa kuwa eneo la peke yake, Wamaasai waliokuwa Moru na kwingineko walihamishwa. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waikizu walijikuta mahame yao na mahali pa matambiko vimebaki ndani ya mipaka wasiyoruhusiwa kuivuka. Katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu kumbukumbu za nchi ya Serengeti, Shetler alionyesha kwamba wazee walikuwa bado wanaweza kuitaja nchi ile mahali kwa mahali, kilima kwa kilima, wakati ramani za watalii zinaionyesha kama pori tupu lisilowahi kukaliwa.

Kisha yakaja mabadiliko ya baada ya uhuru. Mwaka 1963 utemi uliondolewa katika mfumo wa serikali, na pamoja nao nafasi ya kisheria ya watu waliokuwa wakisimamia matambiko ya mvua. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwashusha watu kutoka mitaa yao ya zamani na kuwakusanya kando ya barabara. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na hayo yalipatikana mahali pengi. Lakini mtoto aliyezaliwa kijijini baada ya mwaka huo hakukua akipita chini ya jiwe ambalo babu yake alilipita kila siku, na jiwe lisilopitiwa huacha kusimuliwa. Dini nazo zilikuwa na sehemu yake. Wasabato walijenga shule na makanisa Ikizu tangu zamani, na waumini wengi walifundishwa kuyaona matambiko kama giza. Leo kuna wazee wanaoijua habari ya kilima fulani ila hawaisemi mbele ya watoto wao kwa kuogopa kuitwa wachawi. Hofu hiyo ni ya kweli na inafaa iheshimiwe. Inawezekana pia kuieleza historia ya mahali bila kumlazimisha mtu yeyote atambike.

Kuhusu gharama ya kutosimuliwa, Kondoa ina somo. Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro ya huko mwaka 1951 kwa uvumilivu mkubwa, na mwaka 1983 Mary alitoa kitabu kilichoionyesha dunia uzuri wake. Nakala zile ni hazina, kwa kuwa baadhi ya michoro imefifia tangu hapo. Lakini nakala haikuwa na watu. Zipo kazi nyingine zilizowasikiliza walio hai. Mwaka 1971 Eric ten Raa alichapisha makala kuhusu Wasandawe, akionyesha kwamba uchoraji ulikuwa bado umo katika kumbukumbu na maisha yao. Mwaka 1992 Imogene Lim aliandika tasnifu iliyohoji kwa nini mwamba huu ulichorwa na ule wa pembeni ukaachwa, swali ambalo halijibiki kwa kuutazama mchoro peke yake. Jibu limo katika ngoma, katika sherehe za kuzaliwa mapacha, katika nani anaruhusiwa kufika mahali hapo na lini.

Mfano wa wazi zaidi ni Mungumi wa Kolo, pango mashuhuri kuliko yote ya Kondoa. Waganga na wazee wa Kirangi wameendelea kutambika pale kwa ajili ya mvua na uponyaji. Pombe ya tambiko ikimwagwa au kurushwa inaweza kuufikia ukuta, na maofisa wa mambo ya kale wana haki ya kuhofia rangi. Mtafiti Emmanuel Bwasiri aliandika mwaka 2011 kwamba usimamizi uliokuwapo uliangalia jiwe na rangi, ukausahau urithi hai wa watu wanaolitumia jiwe hilo. Ajabu ni kwamba UNESCO, ilipoiingiza Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilitumia vigezo viwili: kimoja kwa ajili ya michoro, na cha pili kwa ajili ya imani na matambiko yanayoendelea. Matambiko yale, kwa maneno mengine, ni sehemu ya sababu iliyoipa Kondoa heshima hiyo.

Bado yapo ya kugunduliwa. Mwaka 2018 Maciej Grzelczyk, mtafiti kutoka Poland, alikuta katika pori la akiba la Swaga Swaga, mkoani Dodoma, maeneo kadhaa ya michoro yaliyokuwa hayajulikani kwa wataalamu. Katika mojawapo, liitwalo Amak'hee 4, mna watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2021. Pale pori limehifadhi kuliko geti lolote. Vilima vya Bunda na Butiama havina bahati hiyo, kwa kuwa vimezungukwa na mashamba, mifugo na mahitaji ya watu wengi.

Mahitaji yenyewe hayana ubaya. Barabara ya lami inayotoka Kisorya kupitia Bunda kuja Nyamuswa inahitaji kokoto, na nyumba zinazojengwa kandokando yake zinahitaji mawe. Kijana anayewasha moto juu ya jiwe ili lipasuke, kisha akaligonga kwa nyundo na kuuza kokoto kwa ndoo, anatafuta riziki halali. Hakuna aliyemwambia kwamba upande wa pili wa jiwe lile kuna alama. Kutojua kwake ni jukumu la waliosoma na kunyamaza.

Uharibifu wa aina nyingine una tamaa ndani yake. Katika mikoa mingi ya Tanzania watu huamini kwamba Wajerumani, walipokimbia wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, walifukia dhahabu na fedha mapangoni, na kwamba michoro ni ramani ya kuelekea zilipo. Wachimbaji huja usiku wakachimba chini ya kuta, wakavuruga tabaka ambalo lingeweza kusema umri wa mchoro, na mara nyingine hupasua ukuta wenyewe. Michoro mingi ilikuwapo karne nyingi kabla Mjerumani wa kwanza hajatia mguu Bukoba au Mwanza. Hakuna hazina chini yake isipokuwa mifupa, vigae, vipande vya mawe yaliyochongwa na mkaa, ambavyo kwa mtaalamu vina thamani na kwa mnunuzi havina.

Yapo pia madogo madogo yanayoua taratibu. Mwenyeji humwagia maji ukuta ili rangi ing'ae mgeni apige picha. Maji yale huyeyusha chumvi za mwamba na kuacha utando mweupe juu ya mchoro. Mlina asali huwasha moto chini ya kivuli na moshi hupanda ukutani. Mbuzi waliojikinga na jua hujisugua. Vijana huandika majina yao kwa mkaa. Mti uliokuwa ukizuia jua la mchana hukatwa, na ukuta uliokuwa kivulini kwa karne nyingi huanza kupata joto na kubanduka.

Nchi tajiri nazo zimekosea, tena kwa kujua. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua vivuli vya miamba vya Juukan Gorge huko Australia Magharibi ili kupanua machimbo ya chuma, mahali ambapo ushahidi ulionyesha watu walikuwapo tangu miaka 46,000 iliyopita. Kampuni ilikuwa na kibali cha serikali. Wenye nchi, jamii ya Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamekwisha kueleza thamani ya mahali pale. Sheria haikukosekana, kilichokosekana ni kulipa neno la wenyeji uzito sawa na ule wa mashine. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba mkurugenzi mkuu wa kampuni angeondoka kazini, na miamba haikurudi.

Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Inalinda michoro na machongo ya miambani yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hata pale ambapo hakuna aliyeweka kibao. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 nayo inazungumzia ushiriki wa jamii. Kwa hiyo mchoro ulioko kwenye jiwe la shamba la mtu Nyamuswa unalindwa leo hii, hata kama mwenye shamba hajui. Anayeuona anapaswa kuuacha bila kuugusa, kuumwagia maji wala kuupaka chaki, kupiga picha, kuandika jina la kitongoji na kilima, na kumpelekea habari afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye ataifikisha Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Gharama yake ni nauli na simu.

Lakini picha ya mchoro bila maneno ya mahali ni nusu ya taarifa. Shetler alipofanya utafiti wake Mara katikati ya miaka ya 1990, aliwasikiliza wazee na kuzifuata kumbukumbu zao hadi mahali zinapohusika, maana mzee aliyesimama penye jiwe hukumbuka mambo ambayo akiwa sebuleni hayamjii. Njia hiyo haihitaji shahada. Wanafunzi wa sekondari za Bunda na Butiama wakiwa na mwalimu wao wa historia, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji na ya ukoo wenye mahali, wanaweza kuuliza maswali machache ya msingi: kilima hiki kinaitwaje, nani alikaa hapa kabla yetu, nani alikuwa na haki ya kupanda, kitu gani kilikatazwa, mvua ilipokosekana walikwenda wapi. Bibi zao waulizwe kwanza. Katika nchi ambayo mtemi wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa mvua, kuwahoji wazee wa kiume peke yao ni kukosa sehemu kubwa ya habari.

Pawepo pia haki ya kukataa. Kuna mahali ambapo wazee wa mila hawatataka pachorwe kwenye ramani, pawekwe kibao wala papelekwe watalii, na jibu lao liheshimiwe. Daftari la kijiji linaweza kuandika kwamba kilima fulani kisipasuliwe mawe, bila kueleza ni kwa nini. Mkandarasi anayeomba mahali pa kuchimba kokoto aonyeshwe daftari hilo kabla ya kupewa kibali, kwa kuwa baada ya baruti hakuna mazungumzo.

Kwa upande wa wataalamu, deni liko wazi. Makala ya Mabulla ya mwaka 2005 na utafiti wa Chaplin vingefupishwa kwa Kiswahili chepesi, na picha zake zikachapishwa katika kijitabu cha kurasa chache, shule za wilaya za Bunda, Butiama, Musoma na Serengeti zingekuwa na kitu cha kufundishia ambacho leo hazina. Historia ya Mturi na Sasora ingesomwa katika kata zilezile inazozieleza. Makumbusho ya Butiama, ambayo tayari yapo, yana wageni na yako karibu, yangeweza kutenga chumba kimoja kwa ajili ya miamba ya Mara: Isamongo na Nyakinywa upande mmoja, ngao za Moru na duara za ziwa upande mwingine, na katikati ramani yenye majina ya vilima kama wanavyovitamka wenyewe.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, haisubiri bajeti ya makumbusho. Msimu wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka na nyoka wanaonekana, ndio wakati mzuri wa kuzunguka vilima. Mwalimu mmoja, mzee mmoja na simu yenye kamera wanatosha kuanza na kata moja.